Mchanga wa Tangi la Taa wa Maji Baridi: Namna ya Kuuchagua, Kuupima na Kuutandika

Mtu anayejiandaa kufuga taa wa maji baridi, yaani yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, wa aina inayoishi kwenye maji yasiyo na chumvi, kwa kawaida hutafuta tangi kwanza, kisha pampu na hita, kisha samaki mwenyewe. Mchanga hukumbukwa siku ya mwisho, na hununuliwa kwa kuangalia rangi. Naomba mpangilio huo ubadilike, kwa sababu simjui samaki mwingine wa tangini anayeumizwa na sakafu mbaya kuliko taa.

Taa wanaofugwa majumbani karibu wote ni wa jenasi ya Potamotrygon, kutoka mito ya Amerika Kusini. Anayepatikana zaidi madukani ni Potamotrygon motoro, mwenye madoa ya rangi ya chungwa yaliyozungushiwa pete nyeusi, anayeishi kwenye mabonde ya Amazon, Orinoco na Paraná. Mwingine mashuhuri ni Potamotrygon leopoldi wa mto Xingu nchini Brazili, mweusi mwenye madoa meupe. Hawa si samaki wa kujaribia. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, uliofanyika Panama mwaka 2022, uliingiza aina saba za jenasi hii, leopoldi akiwemo, kwenye orodha ya wanyama ambao biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa kwa vibali. Kwa hiyo ukishampata kihalali, una wajibu wa kumpa sakafu inayomfaa.

Tumbo lake linataka nini

Taa akipanda kwenye kioo cha mbele, tazama upande wake wa chini. Mdomo uko huko, pua ziko huko, na mianya mitano ya matamvua kila upande iko huko pia. Ngozi ya tumbo ni laini, haina magamba kama ya samaki wa kawaida, na inalindwa na ute mwembamba. Macho yako juu, na nyuma ya kila jicho kuna tundu. Taa aliyejifukia huvuta maji safi kwa matundu hayo ya juu, kisha huyatoa kwa matamvua yaliyo chini, yaani moja kwa moja mchangani.

Akila, hukifunika chakula kwa mwili wake wote, hukibana sakafuni na kukifyonza pamoja na mchanga, halafu mchanga humtoka kupitia matamvua. Akitaka kupumzika hupigapiga kingo za mwili mpaka mchanga umrukie mgongoni na kumfunika. Punje zilezile, basi, hupita kwenye ngozi, mdomo na matamvua yake mara nyingi kila siku. Punje ikiwa na kona kali, hukwaruza. Mkwaruzo ukikutana na maji yenye uchafu, bakteria na kuvu huingia, tumbo hupata mabaka mekundu, na hapo mfugaji yuko taabani, maana taa hawavumilii dawa nyingi za samaki, hasa zile zenye shaba. Kumkinga ni rahisi kuliko kumtibu, na kinga yenyewe huanza na mchanga.

Wapo wafugaji wazoefu wanaoacha sakafu ya kioo tupu, hasa wale wanaozalisha taa wengi, na sababu zao ni za kweli: kinyesi kinaonekana, kinafyonzwa kwa dakika chache, na hakuna uchafu unaojificha. Mimi nakubali sakafu tupu kwa tangi la karantini, ambako unataka kuona kila kinachomtoka samaki mgeni. Kwa tangi la kudumu nasimama na mchanga. Kujifukia ni tabia ya msingi ya mnyama huyu, na taa mdogo au aliyetoka safarini hutulia upesi anapopata cha kujifunika. Kokoto na changarawe sizikubali hata kidogo, ziwe za mviringo namna gani. Haziwezi kumfunika, mabaki ya chakula huzama katikati yake na kuoza, na taa anaweza kuzimeza.

Hatua ya kwanza: umbo la punje

Umbo ndilo la kwanza kuangaliwa. Mchanga uliosuguliwa na mto kwa muda mrefu una punje zilizoviringika. Mchanga uliotokana na mawe yaliyosagwa na mashine una punje zenye kona kama vigae vya chupa, hata ukiwa umesagwa laini kabisa.

Chukua mchanga mkavu, uweke kidogo ndani ya kifundo cha mkono, mahali ngozi ilipo laini, na uusugue polepole kwa kidole. Mchanga mzuri huteleza. Mbaya huchoma na kuacha ngozi nyekundu. Kisha tandaza punje chache kwenye karatasi nyeusi, upige picha kwa simu ukiwa karibu kadiri kamera inavyoruhusu, na uikuze. Ukiona kingo zinazong'aa na pembe tatu zenye ncha, rudisha dukani.

Kuna jaribio moja linalopendekezwa sana ambalo halifai: kusugua mchanga kwenye kipande cha kioo na kuangalia kama kimekwaruzika. Mchanga mwingi salama ni kwatzi, yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, na kioo cha kawaida kiko takriban 5.5. Punje ya kwatzi iliyo mviringo kabisa itakikwaruza kioo ukiikandamiza. Jaribio hilo linapima ugumu, nawe unatafuta ukali, na taa hajali ugumu. (Mwenye tangi la plastiki ya akriliki, hata hivyo, akumbuke jambo hili kila anapofuta kuta: punje moja ikinaswa chini ya sponji itachora mstari usiofutika.)

Hatua ya pili: ukubwa

Lenga punje za kati ya milimita 0.3 na 0.8. Chini ya milimita 0.2 mchanga hugandamana, hewa haipiti, na kila taa anapopigapiga mwili hupaa majini na kwenda kusaga pampu. Ukizidi milimita 1 sana, unaanza kuwa mzito kwa taa mdogo kuurusha mgongoni. Kwa watoto wa taa, ambao wa motoro huzaliwa wakiwa na upana wa takriban sentimita 10, elekea upande wa laini zaidi, milimita 0.3 hadi 0.5.

Huna haja ya vyombo vya maabara. Wavu wa mbu wa dirishani una matundu yanayokaribia milimita 1 hadi 1.5. Ugongomelee kwenye fremu ya mbao na utumie kama chekeche. Kinachopita ndicho unachokitaka, kinachobaki ni cha kupanda maua. Vumbi na laini iliyopita kiasi huondoka wakati wa kuosha.

Hatua ya tatu: kemia, na habari ya mchanga mweupe wa Pwani

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo msomaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Unguja anapokuwa kwenye hatari kubwa kuliko mfugaji wa Berlin. Mchanga mzuri, mweupe, laini na wa bure uko mwendo mfupi kutoka nyumbani. Usiuchukue.

Mchanga mweupe wa fukwe zetu kwa sehemu kubwa ni vipande vya matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa. Ni kalsiamu kaboneti. Ukiwekwa kwenye maji laini, yaani yenye madini machache, huyeyuka kidogo kidogo, huongeza ugumu wa maji na kupandisha pH (kipimo cha tindikali: chini ya 7 ni tindikali, juu yake ni kinyume) hadi kukaribia 8. Mito ya asili ya taa hawa ina maji laini, na mingine, kama Rio Negro, ni tindikali kabisa. Taa wengi wa madukani huishi vizuri kwenye pH ya 6.5 hadi 7.5, na wengine huvumilia zaidi ya hapo, kwa hiyo utasikia mtu akisema pH peke yake haijamuua samaki wake. Ni kweli, ila tatizo liko kwenye amonia.

Taa ni mlaji mkubwa na mchafuzi mkubwa. Amonia anayotoa huwa katika maumbo mawili majini, na moja lina sumu kali zaidi kuliko jingine. Kwenye maji ya nyuzi 28 yenye pH 7, takriban asilimia 0.7 tu ya amonia yote iko katika umbo hilo la sumu. pH ikipanda hadi 8, sehemu hiyo hufika karibu asilimia 6.5. Yaani chakula kilekile, chujio lilelile, uchafu uleule, lakini sumu imeongezeka karibu mara kumi kwa sababu ya mchanga ulioutandika. Umeme ukikatika usiku na chujio likasimama, tofauti hiyo ndiyo inayoweza kuamua kama utamkuta hai asubuhi.

Hatari ya chokaa haiko baharini tu. Ziwa Tanganyika lina maeneo makubwa ya makombe ya konokono sakafuni, na mchanga unaochotwa Kigoma, Uvira au Bujumbura unaweza kuwa na vipande vyake hata kama kwa macho unaonekana ni kwatzi tupu. Wasomaji wa Maskati na Dubai nao wana mchanga wa jangwa, ambao upepo umeuviringisha vizuri, ila mara nyingi ni laini mno na umechanganyika na chokaa.

Pima hivi. Kausha kijiko cha mchanga, kiweke kwenye glasi, umimine siki nyeupe, usogeze sikio na jicho. Mapovu yanayopanda kutoka kwenye punje, au sauti ya kuchemka, maana yake kuna kaboneti. Puuza mapovu machache ya mwanzo. Hayo ni hewa iliyonaswa kati ya punje, ndiyo maana nasema subiri dakika mbili tatu na utazame kama yanaendelea. Siki ni tindikali dhaifu, kwa hiyo kutotoa mapovu hakumalizi shauri.

Jaribio la pili ndilo ninaloliamini. Chukua chupa mbili za plastiki safi. Ya kwanza itie mchanga uliouosha hadi robo, uijaze maji unayotumia tangini. Ya pili itie maji yaleyale bila mchanga. Ziache wiki nzima mahali pamoja, ukizitikisa kila siku, kisha pima pH na ugumu wa kaboneti kwenye zote mbili. Zikilingana, mchanga hauna neno. Chupa yenye mchanga ikiwa imepanda, achana nao, hata kama umeshaulipia. Wiki moja ya kusubiri ni kidogo kwa mnyama anayeweza kuishi nawe miaka mingi.

Hatua ya nne: umetoka wapi

Chaguo langu la kwanza kwa mfugaji wa Afrika Mashariki ni mchanga wa silika wa kuchujia mabwawa ya kuogelea. Unauzwa na wanaohudumia mabwawa ya hoteli, kwa mifuko, na umeshachekechwa kiwandani; daraja linalokufaa limeandikwa 0.4–0.8 mm au karibu na hapo. Hautoi vumbi jingi, haubadilishi maji, na bei yake kwa kilo ni ndogo ukilinganisha na mifuko yenye picha za samaki. Bado upime umbo, kwa sababu baadhi ya viwanda husaga mawe ya kwatzi badala ya kuchota mchanga wa asili, na kwenye karatasi ya mfuko vyote huitwa silika.

Chaguo la pili ni mchanga wa mto wa wajenzi. Unaweza kuwa mzuri sana, wenye rangi ya kahawia inayomfanya motoro apendeze kuliko anavyopendeza kwenye mchanga wowote wa dukani. Muulize muuzaji umetoka mto gani, na umuulize kama umechanganywa na vumbi la machimbo ya kokoto, kwa sababu huchanganywa. Usichukue mchanga uliokwisha kumwagwa kwenye eneo la ujenzi, ambako saruji na chokaa vimeshaugusa.

Kuuchota mwenyewe kuna mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza ni sheria: uchotaji mchanga mitoni unadhibitiwa, na Kaunti ya Makueni nchini Kenya, kwa mfano, ina sheria yake mahususi ya mchanga tangu 2015. Uliza ofisi ya kata au kaunti kabla hujashika koleo. La pili ni zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu maeneo ya Geita, Migori na Ituri huitumia kukamatisha dhahabu, nayo hubaki kwenye matope na mchanga wa vijito. Mchanga wa mto unaopita chini ya machimbo ya dhahabu usiingie tangini kwa hali yoyote. Hakuna namna ya kuuosha ukawa salama nyumbani. La tatu ni kichocho. Ukisimama kwenye maji ya ukingo wa Ziwa Victoria au kijito cha polepole chenye konokono, unayejihatarisha ni wewe, wala si taa. Chota mchanga uliokauka juu ya ukingo, au vaa gambuti na glavu ndefu.

Nyingine nazikataa bila mjadala. Mchanga wa kupulizia vyuma umetengenezwa uwe mkali, hiyo ndiyo kazi yake, na mweusi wake mara nyingi ni taka ya tanuru. Mchanga wa rangi za kung'aa umepakwa gundi, ambayo hubanduka taa anapousugua. Udongo wa kupandia mimea ya majini hupondeka na kuwa tope chini ya mwili wa taa, na vumbi la machimbo ya kokoto sihitaji kulirudia.

Pitisha pia sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mchanga mkavu. Mchanga wa Pwani, hasa upande wa Kwale ambako ilmenaiti, madini meusi yenye chuma na titani, ilichimbwa kibiashara, na mchanga wa maeneo ya volkano, huwa na punje nyeusi nzito zenye chuma. Chache hazimdhuru taa, ila hunaswa na sumaku ya rota ndani ya pampu na kuitafuna. Sumaku ikitoka imevaa manyoya meusi, tafuta mchanga mwingine.

Rangi nimeiacha mwisho kwa makusudi. Mchanga mweupe huonyesha uchafu upesi, jambo zuri, lakini hurudisha mwanga mkali machoni pa samaki aliyezoea mto wa kivuli. Mweusi humfanya motoro ang'ae na humficha leopoldi. Kahawia isiyokolea ndiyo ninayoipenda. Baada ya mwezi mmoja hutaikumbuka rangi, utakuwa unamtazama samaki.

Hesabu ya kiasi

Kina cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha taa mkubwa kujifukia. Zidisha urefu kwa upana kwa kina, vyote kwa sentimita, ugawe kwa 1,000 upate lita, kisha uzidishe kwa 1.6 upate kilo za mchanga mkavu. Tangi la sentimita 240 kwa 90, ambalo naliona ndilo la kuanzia kwa motoro aliyekomaa, likiwa na mchanga wa sentimita 4, linataka lita 86.4, yaani takriban kilo 138. Mchanga wa mabwawa ongeza sehemu moja ya kumi. Wa mto wa wajenzi nunua karibu mara mbili, maana chekeche na kuosha vitaondoa kingi.

Anayeishi ghorofani ajumlishe uzito huo na wa maji. Tangi hilo likijazwa kina cha sentimita 60 lina karibu tani 1.3 za maji peke yake. Muone fundi wa majengo kabla ya kupandisha mfuko wa kwanza.

Kuosha

Vaa barakoa na uloweshe mchanga ukiwa bado mfukoni. Vumbi la silika kavu huharibu mapafu ya binadamu, na athari yake haiponi.

Tia mchanga kwenye ndoo hadi theluthi moja, ingiza mpira wa maji mpaka chini kabisa, fungua maji kwa nguvu na ukoroge kwa mkono huku yakifurika. Maji yatatoka kama chai ya maziwa, kisha yatapungua rangi. Endelea hadi utakapokoroga ndoo iliyosimama na kuiona sakafu yake ndani ya sekunde chache. Mchanga wa mabwawa hufika hapo mapema. Wa mto utakuchosha, na hapa watu wengi hukata tamaa na kusema chujio litamaliza, litamaliza pampu. Usitumie sabuni wala dawa ya kufulia, hata tone.

Ukitaka kujua umebakiwa na tope kiasi gani, jaza chupa nusu mchanga, nusu maji, tikisa na uiache imesimama usiku. Mchanga hutua kwa sekunde, tope hutua kwa saa, udongo wa mfinyanzi huweza kuelea siku nzima na zaidi. Tabaka la juu likizidi unene wa ukucha, rudi kwenye ndoo.

Mchanga wa mtoni hauishii hapo. Mimina maji yanayochemka juu yake kwenye karai la chuma, koroga, acha upoe, suuza. Kisha utandaze kwenye turubai kwa unene wa sentimita 2 au 3, juani, ukiugeuza kwa reki, mpaka ukauke kabisa hadi chini na ukae mkavu siku tatu nne zaidi. Ukavu huo huua vimelea vya kichocho, mayai ya konokono, ruba na viwavi wa kerengende. Osho la mwisho, kwa mchanga wa aina yoyote, lifanywe kwa maji yaliyoondolewa klorini.

Kutandika

Magogo na mawe yatangulie, yakae moja kwa moja kwenye kioo. Taa huchimba, na jiwe lililowekwa juu ya mchanga litachimbuliwa msingi wake na kumwangukia. Kwa kweli taa anahitaji mapambo machache sana. Kila gogo unalotia linamnyang'anya eneo la sakafu, na lenye ncha litamkwaruza kuliko mchanga wowote.

Hita isikae mchangani wala karibu nao. Taa hujilaza juu yake na kuungua bila kuondoka kwa wakati. Iweke kwenye tangi la chini la kuchujia, na kama hulina, ivishe kikinga cha plastiki na uifunge juu ukutani. Mdomo wa chujio nao uinue angalau sentimita 10 kutoka kwenye mchanga na uuvishe sponji.

Zima pampu zote. Tandaza mchanga ukiwa na unyevu, kwa bakuli, ukianzia nyuma. Mimina maji juu ya sahani au karatasi ya nailoni iliyolazwa juu ya mchanga ili mkondo usichimbe shimo. Maji yakiwa na ukungu, acha saa 24 hadi 48 kabla ya kuwasha chujio kuu, au weka sufi safi ya kuchujia na uibadilishe mara kwa mara. Kisha anza mzunguko wa kukuza bakteria wa chujio, na usimtie taa mpaka amonia na nitriti (sumu nyingine, inayotokana na amonia) zisome sifuri. Mchanga mpya haukupunguzii hata siku moja ya subira hiyo.

Kuutunza

Mpira wa kufyonza upitishwe sentimita moja au mbili juu ya mchanga, ukizungushwa kidogo ili kinyesi kiinuke na kuvutwa, mchanga ukibaki. Fanya hivyo kila siku inapowezekana, na ubadilishe maji mengi kila wiki. Theluthi hadi nusu ndiyo kawaida kwa samaki huyu. Pembe ambazo taa hafiki, chini ya gogo na nyuma ya bomba, zichokonoe kwa fimbo laini kila wiki. Huko ndiko mchanga hukosa oksijeni, hugeuka mweusi na kutoa harufu ya yai bovu, ambayo ni haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu. Mchanga wa sentimita 4 wenye taa mchangamfu ni nadra kufika hapo, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mkulima wake. Ndiyo sababu nakataa kina cha sentimita 8 au 10.

Kabla ya kutia mkono, hesabu mikia. Taa aliyejifukia haonekani, na mwiba wake una meno ya msumeno na ngozi yenye sumu. Mtenge kwa kizuizi cha plastiki chenye matundu, na ukitaka kumhamisha tumia beseni, kwa sababu wavu hunasa mwiba. Ukichomwa, osha jeraha, litumbukize kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, takriban nyuzi 40 hadi 45, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku ukielekea hospitali. Mtu mwingine ayapime maji hayo kwa mkono wake, maana mguu au mkono wenye maumivu hauhisi joto vizuri.

Wiki za kwanza tazama tumbo kila anapopanda kioo. Wekundu uliosambaa, mikwaruzo midogo, au taa anayeogelea ukutani kutwa nzima bila kujifukia, vinakuambia kuna jambo. Pima maji kwanza: amonia na nitriti huleta wekundu uleule, na kingo za mwili zilizokunjamana kuelekea juu ni dalili ya maji mabaya sana inayotaka hatua siku hiyohiyo. Maji yakiwa safi na mikwaruzo ikabaki, mchanga ndio wa kulaumiwa, nao utolewe wote.

Kuutoa si lazima kumvuruge. Mhamishe taa kwenye beseni kubwa lenye maji ya tangi lake, jiwe la hewa na kifuniko. Fyonza mchanga kwa mpira mpana wa milimita 25 wakati wa kubadilisha maji. Hutoka upesi kuliko kwa koleo na hautibui uchafu wa chini. Chujio liendelee kufanya kazi kwenye chombo cha pembeni ili bakteria wasife. Kama mchanga haujamdhuru bali umechakaa tu, ondoa robo yake kila wiki na uache samaki upande wa pili wa kizuizi. Uliotolewa umwage bustanini, mbali na mtaro au kijito chochote, kwa kuwa mayai ya konokono na vipande vya mimea ya kigeni husafiri ndani yake.